Bahasha ya Kaki Imekuchosha? Chora Jina la Mtu Juu Yake, Kichwa Kipumue

Sasa msee wangu, swali moja tu kabla hatujaanza. Mara ya mwisho kushika bahasha mkononi, ilikuwa ya nini?

Kama wewe ni wa Nairobi, jibu liko kwa orodha fupi sana. Labda ilikuwa ile ya kaki, saizi ya A4, imebeba vyeti vyako vyote huku ukipanda ngazi za maofisi, leo Upper Hill, kesho Ngong Road, na kila ukifika kwa meza unaambiwa "acha hapo, tutakupigia." Ama ilikuwa ya mchango: harusi ya beshte, matanga, fees ya mtoto wa cousin. Ama ile ndogo ya kanisa, yenye laini ya kuandika jina na kiasi. Na kuna ile ingine tunaijua sote, yenye hupitishwa chini ya meza. Ukisikia kwa news ati fulani "alipewa bahasha", hakuna mtu huuliza ndani kulikuwa na nini.

Ukiangalia vizuri, karibu kila bahasha ya hii city inadai mtu kitu. Ndio maana kwa vijana wengi ni kitu ya stress. Ukiiona tu, unakumbuka interview yenye haukuitwa.

Leo tunaongea kuhusu bahasha ya aina tofauti. Hii haiombi job, haina doo ndani, na hakuna karao inaenda kumpoza. Ina jina la mtu mmoja tu, limechorwa kwa mkono, pole pole, wewe ukiwa umekaa kejani Kilimani na simu iko mbali, mahali hauwezi kuifikia bila kusimama.

Inakaa kama mchezo wa watoto, sawa. Lakini shikilia hapo, kwa sababu kuna mengi nyuma ya huu mchezo.

Kwanza, hii kitu ni nini hasa?

Watu huchanganya vitu tatu, kwa hivyo wacha tuzitenganishe.

Kuna mwandiko. Huo ni ule wa kila siku, wa kujaza form na kuandika notes. Mkono unakimbia, akili iko kwa maneno, hakuna mtu anafikiria herufi "a" inakaa aje.

Kuna kaligrafia. Hapo unatumia kalamu maalum, unajifunza mikwaju kwa mpangilio, na unaandika kwa mpigo mmoja. Ukikosea, umekosea. Inataka mazoezi ya miezi.

Halafu kuna kuchora herufi, lettering kama wanavyoiita wasee wa mitandao. Hapa herufi ni picha. Unachora "K" vile ungechora nyumba ama mti: unaanza na penseli, unafuta, unaongeza unene hapa, unaweka kivuli pale. Hakuna haraka na hakuna mpigo mmoja. Kwa hivyo, kama mwalimu wa class three alikuambia una mwandiko wa kuku, tulia. Huo mwandiko hauhusiki hapa. Kama unaweza kuchora mstari na kuufuta, tayari uko ndani.

Pili, usidhani ni kitu ya wazungu

Kuna wale watasema hii ni mambo ya Pinterest. Zii. Sisi tumekuwa watu wa herufi kitambo sana.

Simama stage ya Yaya kwa dakika kumi uangalie mathree za 46 zikipita kutoka tao zikielekea Kawangware. Angalia majina kwa ubavu: herufi zenye pembe, zenye moto, zenye kivuli mpaka zinakaa kama zinataka kuruka barabarani. Hiyo ni lettering ya kiwango cha juu, na ni kazi ya vijana wa mtaa. Mwaka wa 2004 sheria za Michuki zilipoanza kushikwa, magari yakaambiwa yavae mstari wa manjano na michoro ikafinywa. Lakini herufi hazikufa. Mwaka wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, na mathree zikarudi kwa rangi kama kawaida.

Enda kinyozi yoyote ya Kawangware ama Kibra. Ile sign ya ukuta, kichwa cha jamaa kando na bei ya kunyoa chini, ilichorwa na fundi mwenye brashi. Alipima nafasi kwa macho, akaanza na chaki, akamalizia na rangi. Ni mbinu ile ile utaitumia kwa bahasha, ni saizi tu imepungua.

Ukishuka Pwani, stori inakuwa ndefu zaidi. Huko Siyu, kwa kisiwa cha Pate, waandishi walikuwa wananakili misahafu kwa mkono karne ya 18 na ya 19, na kurasa zao zimepambwa kwa nyeusi, nyekundu na manjano. Na leso ya mathako? Lile jina limeandikwa pale chini ndilo huongea kwa niaba ya mwenye kuivaa. Mama akivaa leso yenye maneno makali mbele ya jirani, ujumbe umefika na hakuna mtu amefungua mdomo. Kampuni ya Mombasa yenye kila mtu anajua chapa yake, Mali ya Abdulla, imekuwa kwa hiyo biashara tangu 1887.

Halafu kuna bahasha zenyewe. Uliza aunty wako mwenye alikuwa boarding kabla simu zijae kila mahali. Atacheka kwanza, halafu atakuambia. Barua ya kutoka shule ingine ilikuwa event. Jina limeandikwa kwa herufi za kuvimba kama mandazi, highlighter tatu, maua kwa kona, poda kidogo ndani ndio inukie. Mwalimu wa zamu anasoma majina, na ile bahasha inapita mkono kwa mkono kabla ya kufikia mwenyewe. Barua ya ndani ilikuwa siri ya watu wawili, lakini bahasha ilikuwa ya darasa lote. Ndio maana jasho lote lilienda kwa bahasha. Ilikuwa inaambia kila mtu: huyu dem ama huyu chali ana mtu amekaa chini akamfikiria.

Hiyo sentensi ya mwisho, iweke mahali. Tutairudia.

Tatu, kwa nini inapumzisha kichwa?

Wacha tuongee ukweli kuhusu Kilimani. Watu wa nje hudhani ni brunch na swimming pool. Wewe mwenye unakaa huko unajua. Jengo la jirani linajengwa tangu saa moja asubuhi. Rent inaingia kwa mawazo kuanzia tarehe ishirini. Kwa hiyo floor yenu kuna milango sita na haujui jina la mtu hata mmoja. Ukitaka kupumzika unachukua simu, na simu inakuonyesha classmate wako yuko Dubai. Umekaa masaa mawili, umescroll, na umesimama umechoka kuliko vile ulikaa.

Shida na kuscroll ni kwamba mikono haina kazi na macho yana kazi mingi. Kuchora herufi ni kinyume. Mkono una kazi moja, ndogo, yenye mwisho unaoonekana: kumaliza hii "A", halafu ile ingine. Kazi si ngumu ya kukukasirisha, na si rahisi ya kukuboesha. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliandika kitabu kizima kuhusu hiyo hali, Flow, mwaka wa 1990. Point yake kwa lugha ya mtaa: kazi ikilingana na uwezo wako, unazama ndani, unasahau saa, na zile kelele za ndani zinapunguza sauti.

Kuna utafiti pia. Mwaka wa 2016 watafiti wa chuo cha Drexel huko Marekani walichukua watu wazima 39, wakawapa karatasi, marker, udongo na vifaa vya kolaji, wakawaacha wafanye chochote kwa dakika 45. Walipima cortisol, homoni ya stress, kabla na baada. Kwa karibu asilimia 75 ilishuka. Na hapa ndio utamu: kuwa na uzoefu wa sanaa hakukuleta tofauti. Mwenye hajawahi kuchora alipata nafuu kama yule mjuaji.

Lakini tusijidanganye. Watu 39 si wengi, na kwa wengine cortisol haikushuka. Kwa hivyo hakuna mtu anakuahidi dawa hapa. Ni mapumziko, na mapumziko ni kitu ya maana yenyewe.

Sasa rudisha ile sentensi ya barua za boarding. Ukichora ua, unafikiria ua. Ukichora jina la mtu, utakaa na huyo mtu kwa nusu saa. Unachora "W" ya Wanjiku na unakumbuka vile alikulipia fare ile siku ulikuwa umesota. Hapo kichwa kimetoka kwa rent na kimeenda kwa mtu. Ndio tofauti ya bahasha na vitabu vya kupaka rangi: hapa kuna mwenyewe.

Nne, jinsi ya kufanya

Vifaa havifai kukumaliza pesa. Bahasha nyeupe ya kawaida moja ni bei chini ya smokie. Ongeza penseli, rula, raba, na biro nyeusi ama felt pen. Basi. Usikimbie kununua seti ya marker za rangi arobaini ati ndio uanze. Wengi hununua hizo seti na zinakaukia kwa droo.

Kama uko na ile ya kaki tu, pia ni sawa, lakini ujue tabia yake. Kaki hunyonya wino, kwa hivyo felt pen nyepesi itavimba na kingo zitakuwa chafu. Tumia biro ama marker nene. Rangi nyepesi kama manjano zitapotea. Nyeusi inatoka fiti, na nyeupe inatoka fiti zaidi. Ile whiteout ya kalamu ulikuwa unatumia shule inafanya kazi poa sana hapa.

Hatua ya kwanza: piga mistari. Tatu, kwa penseli nyepesi. Wa chini ni wa herufi kukalia. Wa katikati ni wa urefu wa herufi ndogo kama "a" na "n". Wa juu ni wa herufi kubwa na zile zenye shingo kama "k" na "l". Herufi za wanaoanza hukaa kama ziko kwa mathree ya barabara mbovu kwa sababu moja tu: hawakupiga mistari. Kama bahasha ni nyeupe na nyembamba, kuna njia ya mkato. Ingiza ndani karatasi yenye mistari mieusi, weka bahasha juu ya meza ya kioo, na torch ya simu chini yake. Mistari itaonekana na hautafuta chochote. Hiyo ndiyo kazi pekee simu inaruhusiwa leo.

Hatua ya pili: anza katikati. Watu huanza na herufi ya kwanza, wakifika mwisho nafasi imeisha, na "u" ya Wanjiku inafinywa kwa kona kama abiria wa mwisho. Hesabu herufi. Wanjiku ni saba, ya katikati ni "j". Lakini angalia pia upana: "W" ni nono, "j" na "i" ni nyembamba, kwa hivyo upande wa kushoto utakula nafasi zaidi. Sogeza "j" kidogo kulia kwa katikati ya bahasha, halafu enda kushoto, halafu kulia. Jaribu kwa karatasi ya kando kwanza.

Hatua ya tatu: mifupa kwanza, nyama baadaye. Chora jina lote kwa mstari mmoja mwembamba wa penseli. Usipambe bado. Angalia nafasi kati ya herufi. Hapa kuna siri: usipime kwa rula, pima kwa macho. Herufi mbili zilizonyooka kama "i" na "n" zinahitaji kuachana kidogo. Herufi za mviringo kama "o" na "e" zinaweza kukaribiana. Unataka ule uwazi wa kati ukae sawa, hata kama milimita hazilingani.

Hatua ya nne: unene. Kuna sheria moja imebeba karibu kila mwandiko mzuri umewahi kuona kwa kadi ya harusi: mkono ukishuka, mstari ni mnene, mkono ukipanda, mstari ni mwembamba. Hiyo sheria ilitoka kwa kalamu za zamani zenye ncha ya chuma. Ukizikandamiza wakati wa kushuka, ncha inafunguka na wino unamwagika zaidi. Wewe una biro, na biro haifunguki. Kwa hivyo unadanganya: kila mahali mkono ulishuka, chora mstari wa pili kando ya ule wa kwanza, halafu jaza katikati. Ukimaliza jina lote, utashtuka. Litakaa kama kazi ya kulipwa.

Hatua ya tano: kivuli, kama unataka ile swag ya mathree. Chagua jua linatoka wapi. Tuseme juu kushoto. Basi kivuli cha kila herufi kinaanguka kulia na chini, zote, bila ubaguzi. Herufi moja ikienda upande tofauti, jicho litagundua hata kama mwenye jicho hajui ni nini kimeharibika.

Hatua ya sita: wino, subira, raba. Pitisha wino juu ya penseli. Halafu ondoka. Enda uweke chai, umwagilie sukuma wiki yako ya balcony. Ukifuta penseli kabla wino ukauke, umechora wingu. Ukirudi, futa polepole. Na kama bahasha itatoka nje msimu wa mvua, chukua mshumaa, ule wa stima ikipotea, usugue juu ya jina kidogo kidogo. Nta inazuia maji na wino hautakimbia.

Ukikosea? Doa la wino linageuka jani. Mstari uliotoroka unageuka waya wa stima na ndege wawili wamekaa juu. Hakuna mtu anajua ulikuwa unataka nini.

Tano, itafika aje?

Unaweza kumpa mtu mkono kwa mkono, na ni halali kabisa. Lakini kama inaenda na posta, kuna mambo ya kujua, kwa sababu kizazi chetu wengi hawajawahi kutuma barua hata moja.

Kenya barua kwa kawaida haiji mlangoni. Inaenda kwa sanduku. Kwa hivyo ukiandika jina la apartment na "Kindaruma Road, floor ya nne", umeandika hadithi. Anwani ya kweli ni jina, S.L.P. na namba ya sanduku, kodi ya posta, halafu mji. Masanduku mengi ya upande wa Kilimani huishia na 00508, ya Yaya, ama 00505, ya Ngong Road. GPO ya tao ni 00100. Kama mtu wako hana sanduku, tumia la kazini kwake, la kanisa ama la shule, na uandike "kupitia". Posta pia wana huduma ya MPost, ambapo namba ya simu ndiyo inakuwa sanduku lako.

Stempu inakaa kona ya juu kulia, kwa hivyo usichore jua lako hapo. Jina unaweza kulipamba mpaka lichoke, lakini namba ya sanduku na kodi ziandike wazi, nyeusi, bila maua. Mtu wa posta hana muda wa kukisia kama hiyo ni saba ama ni moja imevaa kofia. Anwani yako iwe nyuma, ndio ikikosa mwenyewe irudi. Glitter ya kumwagika acha, na pesa usitie ndani.

Sita, unaandikia nani?

Hapa ndipo watu hukwama, na jibu liko karibu sana.

Mdogo wako wa boarding. Yeye hana simu, shule hairuhusu. WhatsApp yako haimfikii, meme zako hazimfikii. Bahasha inamfikia. Andika jina, form, jina la shule na sanduku la shule. Ndani usiandike riwaya, nusu ukurasa unatosha. Na uandike ukijua mwalimu anaweza kuifungua. Msimu wa KCSE ukikaribia, kila mtoto atapata success card ya dukani yenye mashairi ya mtu hamjui. Ya kwako itakuwa na jina lake limechorwa, na ndiyo atabaki nayo.

Shosh wa ocha. Simu yake ni ya kubonyeza na macho yamepungua. Chora jina lake kubwa. Mpe mtu anayeenda, ama itume na basi.

Soja wa geti. Huyu amekufungulia saa nane usiku mara ngapi? Watu wengi wa hiyo court wanamuita "soja" tu. Uliza jina lake, lichore kwa bahasha, na kama unaweza kutia kitu ya Krismasi ndani, sawa. Itakuwa bahasha yenye pesa ambayo hakuna mtu anafaa kuificha chini ya meza.

Na jirani wa mlango wa tatu. Hapa itabidi ujue jina lake kwanza. Kama imekuchukua bahasha kuuliza jirani jina, basi hiyo bahasha imefanya kazi kabla hata haujaichora.

Saba, usiigeuze hustle. Bado.

Najua vile kichwa cha Nairobi hufanya kazi. Umefika hapa na tayari umeanza kuhesabu: kadi za harusi, bahasha mia mbili, ukicharge kiasi hiki kwa kila moja... Ni kweli, kuna wasee hulipwa kwa hii kazi, na ukifika huko, hongera.

Lakini fikiria. Kupika kwako kumekuwa content. Kutembea kwako ni steps za kupost. Hata urafiki umekuwa networking. Kijana wa hii city anaulizwa kila siku "na hiyo inakuletea ngapi?" mpaka anaanza kujiuliza mwenyewe. Unahitaji kitu kimoja kwa wiki ambacho jibu lake ni "hakuna", na uko sawa nalo. Siku mteja atalipia hiyo "W", mkono utaanza kutetemeka kidogo, na ile nusu saa itakuwa kazi kama kazi zingine. Kwa sasa ichunge.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki si mchezo. Kuchora herufi ni ya siku mbaya za kawaida: umekosa job, umetemwa, umechoka na watu. Kama giza limekaa wiki baada ya wiki, haulali, hauli, ama unaanza kufikiria haufai kuwa, usibaki peke yako na penseli. Ongea na mtu unayemwamini, enda hospitali, ama piga 1199, laini ya bure ya Kenya Red Cross. Hiyo ni kuomba msaada, na hakuna aibu.

Kwa wale wengine, mpango wa leo jioni ni huu. Pitia supa ama duka la vitabu ukitoka job, ununue bahasha mbili, moja ya kujaribu. Weka simu kwa chumba kingine. Chagua mtu mmoja ambaye haujamwambia kitu kizuri mwaka huu. Piga mistari mitatu, hesabu herufi za jina lake, na uanze na ile ya katikati.

Ile bahasha yako ya kaki yenye vyeti bado iko kwa kabati, na Jumatatu utaibeba tena. Lakini leo, kwa hiyo meza, kuna ingine haikuombi chochote. Jina la nani litaenda juu yake?